Ndege wa porini na virusi vyao: kabla hujamlaumu buabua, pitia uzi huu

#1 Mnandi wa Ziwa

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Oktoba, ndege wa Ulaya na Urusi wakianza kushuka huku kwetu kukimbia baridi, kuna ule ujumbe huanza kuzunguka kwenye magrupu: "Ndege wahamiaji wameingia na homa, msiguse kuku, sambaza." Mwaka huu nimeupata kwa shemeji, kwenye grupu la jumuiya na kwa jirani anayefuga bata. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niulete mjadala hapa. Mimi kazi yangu ni maabara ya mifugo, haya ndiyo yanayonilisha.

Ujumbe ule unaongea kana kwamba kuna homa moja inayosafiri kwa mbawa. Hali halisi ni kwamba ndege wa porini ni ghala. Chukua mafua aina ya A peke yake. Kirusi chake kina protini mbili kwenye ganda, tunaziita H na N. Kwa ndege zinahesabiwa H za aina 16 na N za aina 9. (H17 na H18 zipo pia, lakini hizo zilikutwa kwa popo wa Guatemala na Peru, tafiti za 2012 na 2013.) H yoyote inaweza kukaa na N yoyote, ndipo yanapotoka majina kama H5N1, na mpaka sasa zaidi ya michanganyiko 130 imeshaonekana, mingi kwa ndege wa majini: bata, bata bukini, shakwe, buabua (jamaa wa shakwe), vitwitwi (wale ndege wadogo wa ufukweni). Hata humo kuna wenye vyao. H13 na H16, kwa mfano, ni za shakwe, kwa bata huzikuti sana.

Sasa sikilizeni hii. Kwa bata wa porini, mafua ni ugonjwa wa tumbo, tena ugonjwa usiougua. Kirusi kinazaliana kwenye utumbo, bata anakula, anaruka, anakunya majini, mwenzake anakunywa. Maji yakiwa ya baridi kinadumu humo wiki kadhaa. Vinasaba vyake viko vipande 8 vilivyoachana, kwa hiyo bata mmoja akipata virusi viwili kwa pamoja, vipande vinachanganywa kama karata na kinatoka cha tatu. Binadamu tumeshalipia mchezo huo: janga la mafua la 1957 lilibeba vipande vitatu vya asili ya ndege, la 1968 viwili.

Na hayo ni mafua tu. Kuna ukoo wa virusi vya kideri (ugonjwa wa Newcastle), una aina zaidi ya 20 kwa ndege, na ni moja tu inayotuulia kuku. Kuna ndui, ambayo imeonekana kwa mamia ya spishi. Kuna korona za makundi mawili ambayo makao yake makubwa ni ndege. Kuna virusi vya malengelenge vya njiwa na vya bata, virusi vya kuhara vya kila jina, hata vya homa ya ini: bata anacho cha kwake, korongo anacho cha kwake. Kwa ukubwa navyo havilingani kabisa. Kirusi kinachonyonyoa kasuku manyoya na kuharibu mdomo kina herufi kama 2,000 tu za vinasaba. Cha ndui ya kuku kina karibu 290,000.

Hoja yangu ni hii, mnipinge mkitaka: sehemu kubwa ya ghala hilo imekaa kimya, na kelele nyingi tunazozisikia zimetengenezwa bandani kwetu, siyo ziwani. Mafua ya upole yanahitaji vimeng'enya maalumu ili kukata ile protini ya H, na vimeng'enya hivyo viko utumboni na kwenye njia ya hewa, ugonjwa unaishia huko. Kikiingia kwenye banda la kuku elfu kumi waliobanana, kirusi kinanakiliwa mchana na usiku, makosa yanarundikana, na ikitokea kosa linaloongeza asidi amino chache (vipande vinavyojenga protini) pale penye mkato, basi kimeng'enya cha kiungo chochote kinaweza kukata. Ini, moyo, ubongo. Kuku anakufa kabla hujajua anaumwa. Ni H5 na H7 pekee zinazojulikana kufanya mgeuko huo shambani.

H5N1 inayozungumzwa dunia nzima leo, ukoo wake ulipatikana 1996 kwa bata bukini wa kufugwa, jimbo la Guangdong, China. Mwaka uliofuata watu 18 waliugua Hong Kong, 6 wakafa. Ndege wa porini kufa kwa maelfu kulikuja baadaye, 2005, Ziwa Qinghai. Yaani walituazima cha upole, tukawarudishia cha kuua.

Nawasilisha.

#2 Mtaa wa Saba

Siti ya mbele nimekaa. Ila mkuu umezunguka ziwa lote hujatua: kuku tule au tusile?

#3 Mnandi wa Ziwa

Kula mkuu. Nyama iliyoiva mpaka ndani, ikapita nyuzi 70, kirusi hakiko. Hatari iko kabla ya sufuria: anayeshika kuku mgonjwa, anayemchinja, anayemnyonyoa, anayeuza kuku hai sokoni akivuta vumbi la matenga siku nzima. Tangu 2003 waliothibitishwa kuugua H5N1 duniani ni zaidi ya 900 na karibu nusu walifariki. Ni wachache ukilinganisha na mabilioni ya kuku walioliwa, lakini nusu kufa si jambo la kuchekea.

Na usidanganywe na kuku mzima. Ile H7N9 iliyoanza China 2013, mwanzoni haikuwa inaumiza kuku hata kidogo. Watu zaidi ya 1,500 waliugua, wengi wakiwa wamepita masoko ya kuku hai.

#4 Mama Broila wa Kibaha

Mkuu Mnandi, kwa heshima zote, maneno yako matamu lakini yameandikwa na mtu asiye na banda.

Mimi nafuga broila na kuroila. Nimeshapoteza banda zima kwa kideri, asubuhi moja naingia nakuta wamelala chali, wengine shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Na kabla ya hapo kila siku njiwa na kunguru walikuwa wanashindana na kuku wangu kwenye vyombo vya chakula, yangeyange wanatembea uwanjani kama wenye nyumba. Nilikuwa nimefunga geti, sinunui kuku kwa mtu, wafanyakazi wangu hawafugi kwao. Sasa hicho kideri kilipita wapi kama siyo juu?

Ninyi wa maabara mnasema "ghala limekaa kimya". Mimi siandiki tasnifu, mimi nina marejesho ya VICOBA. Kwangu ndege wa porini ni mwizi anayekula na kuacha ugonjwa.

#5 Babu wa Kondoa

Huyu mama ameongea.

Halafu naomba kuuliza, huku kwetu kwelea kwelea ni kitoweo, tumewala tangu ujana, tunawatega usiku. Nao wana hayo mafua?

#6 Mnandi wa Ziwa

Dada Mama Broila, pole sana kwa hasara. Sijasema ndege wa porini hawaleti kitu. Nijibu kideri chako vizuri.

Njiwa nakupa, tena bila ubishi. Njiwa wana kideri chao wenyewe, kimezunguka dunia tangu miaka ya 1980, na kinaweza kuingia kwa kuku. Mnandi (ndege wenyewe, wale wazamiaji) wa Marekani Kaskazini nao wana cha kuua, makinda yanapooza mbawa na miguu. Bata wa porini wanabeba kile cha upole ambacho kuku hata hakohoi. Kwa hiyo ukiona njiwa anakula kwenye chombo cha kuku wako, umefanya vizuri kukasirika.

Lakini kideri kikikausha kijiji kizima, nenda kasimame stendi au mnadani uangalie. Matenga juu ya basi. Mtu ameona wawili wamezubaa, anawahi kuuza wote waliobaki kabla hawajafa. Wanunuzi wanatoka kata tano. Hicho kinasafiri mbali zaidi kwa siku moja kuliko njiwa wako, ambaye haendi popote. Na kuna jambo ambalo wafugaji hawapendi kulisikia: virusi vya chanjo ya kideri tunayowapa kuku vimekutwa kwa ndege wa porini katika nchi kadhaa. Mlango unafunguka pande zote mbili.

Kupita geti: tray za mayai zilizotoka kwa mwingine, magunia ya chakula, viatu vya mtu wa chanjo anayetoka banda la jirani kuja kwako. Simtuhumu mtu. Ila hayo ndiyo huwa naanza kuuliza.

Babu, shikamoo. Kwelea ni ndege wadogo wa nafaka, hawa hawakai na mafua kama bata. Ndui wanaweza kupata, utaona vinundu machoni na miguuni, huyo mtupe. Ninachokihofia mimi kwa kwelea siyo kirusi, ni ile dawa inayonyunyizwa na ndege ya serikali kwenye viota, fenthioni. Ni sumu ya neva. Kwelea aliyeokotwa chini baada ya kunyunyiza asiliwe hata akiwa mnono kiasi gani. Mliowatega wenyewe mahali ambapo hapajapigwa dawa ni habari nyingine.

#7 Babu wa Kondoa

Marahaba. Hiyo ya dawa tunaijua, vijana ndio hawasikii.

#8 Lutembe Kijana

Nilikuwa naishi Entebbe Januari 2017, nichangie kidogo.

Pale ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, watu wa ufukweni walianza kuona buabua wamekufa, wale wenye mbawa nyeupe ambao huja kwa makundi makubwa kipindi hicho kutoka Ulaya Mashariki na Asia. Siku chache baadaye tukasikia na Masaka, huko bata na kuku wa kufugwa. Majibu ya maabara yakatoka: H5N8. Kenya na Rwanda zikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda, bei ikaanguka, watu wa mayai walilia. Mwaka huohuo ikaonekana na upande wa Kongo, Ituri.

Hakuna mtu aliyeugua. Ila nilichokikumbuka baada ya kusoma hoja ya Mnandi ni kwamba buabua walikufa kweli, na walikuwa wametoka safari. Hao siyo kuku wa banda la mtu. Kwa hiyo mimi niko katikati.

#9 Mnandi wa Ziwa

Ahsante kwa hii. H5N8 ile ilikuwa imeonekana Juni 2016 kwenye ziwa Uvs Nuur, mpakani mwa Urusi na Mongolia, ikapita Ulaya majira ya baridi, ikafika kwetu, ikaenda mpaka Afrika Kusini ikaua kuku na pengwini. Kwa hiyo ndiyo, ndege walisafiri nayo. Ninachosema ni kwamba ukiivuta kamba mpaka mwisho unafika kwenye ule ukoo wa Guangdong wa 1996, wa mabandani.

Na usisahau bata wazawa. Sampuli zilizochukuliwa 2006 katika nchi nyingi za Afrika zilionyesha mafua ya upole kwa bata ambao hawajawahi kuiona Ulaya. Tuna ghala letu, siyo la kuletewa tu.

#10 Mzee Veterinari (mstaafu)

Kijana Mnandi, umeandika vizuri lakini unautetea msimamo ambao ulikuwa na nguvu miaka kumi iliyopita. Niruhusu nikubane mahali pawili.

Kwanza, 1961. Afrika Kusini, pwani ya Rasi, buabua wapatao 1,300 walikufa kwa H5N3. Hapakuwa na banda lolote lililotajwa kuwa chanzo. Ndicho kirusi cha kwanza cha mafua kupatikana kwa ndege wa porini. Unaposema mgeuko hutokea bandani, buabua wale unawaweka wapi?

Pili, tangu 2021 hali imebadilika. Tawi hili la H5N1 linalotamba sasa, linaloitwa 2.3.4.4b, halirudi tena mabandani kupumzika. Zamani Ulaya ilikuwa inawaka majira ya baridi na kuzimika kiangazi. Sasa linapita kiangazi kizima kwenye makoloni ya ndege wa baharini. Januari 2021 ndege mwari wa hifadhi ya Djoudj, Senegal, walikufa 750, karibu wote makinda. Mwishoni mwa mwaka huo mnandi wa Rasi, majina wenzako, walikufa zaidi ya 20,000 Afrika Kusini. Peru ikapoteza mwari na ndege wengine kwa mamia ya maelfu, halafu simba-bahari. Argentina 2023, kwenye rasi ya Valdés, watoto wa sili-tembo karibu wote wa mwaka ule, wanakadiriwa 17,000. Februari 2024 kikathibitishwa bara la Antaktika, na Machi mwaka huohuo kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani. Huyo bado unamwita mtoto wa bandani? Ameshahama nyumba, ana familia yake.

Mfugaji wa leo akisikia "ndege hawana kosa" ataacha kuweka wavu.

#11 Kitwitwi wa Mida

Wakuu, niko huku Watamu, pwani ya Kenya. Mzee Veterinari amenipa usingizi mbaya.

Mimi ni wa upande wa ndege. Hapa Mida Creek kuna vitwitwi wanaotaga Siberia, wanakuja kushinda Mida maji yakipwa wakila vijidudu vya matopeni. Tukiwafunga pete, kitwitwi ni mwepesi hata huamini kama ndiye aliyepita Urusi na Arabia. Swali langu ni dogo: ndani ya huyo mmoja kuna virusi vingapi? Na lingine, wale heroe (flamingo) wanaokufa kwa maelfu kwenye maziwa ya magadi, Nakuru na Bogoria, watu husema ni homa ya ndege. Ni kweli?

#12 Mnandi wa Ziwa

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Buabua wa 1961 ni kweli, na wamewasumbua wengi kabla yangu. Kwa miongo minne walibaki tukio la pekee la namna yake, halikujirudia popote kwa ndege wa porini mpaka miaka ya 2000. Mimi sijengi nyumba juu ya tukio moja, lakini nakubali halina banda.

La pili, hatupingani mzee. Mimi naongelea kilikozaliwa, wewe unaongelea kinapoishi leo. Kimehama, sawa. Ila tazama kilichokilea kwa miaka 25 mpaka kikapata nguvu ya kuhama. Uzito wa kuku na jamaa zao duniani leo ni karibu mara tatu ya uzito wa ndege wote wa porini ukiwajumlisha. Ukiwa kirusi, utafanyia mazoezi wapi?

Na hilo lina maana kwenye vitendo. Kila mlipuko ukitokea kuna kiongozi atasema tukate miti wanayolala yangeyange, tukaushe bwawa, tupige risasi bata. FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na shirika la afya ya wanyama duniani wamekuwa wakikataa jambo hilo tangu mwanzo. Ukiwavuruga, wagonjwa wanatawanyika kwenda maziwa mengine.

Kitwitwi wa Mida, kwanza heroe. Hapana. Vifo vya heroe vimetajwa kuhusiana zaidi na sumu ya mwani wa bluu-kijani, kifua kikuu cha ndege, metali nzito. Vifo vya Ziwa Manyara mwaka 2004 vilihusishwa na sumu ya mwani. Ndege wengi wakifa pamoja siyo lazima kirusi, ndiyo maana tunataka mzoga, hatutaki uvumi.

Virusi vingapi ndani ya kitwitwi mmoja, hapo umenigusa. Zamani tulikuwa tunatafuta kirusi kwa kukiotesha kwenye yai la kuku lenye kiinitete. Kisichoota kwenye yai, kwetu hakikuwepo. Sasa unachukua pamba uliyopitisha kwenye tundu la nyuma la ndege, unasoma vinasaba vyote vilivyomo bila kuuliza ni vya nani. Timu ya Michelle Wille na Edward Holmes huko Australia walifanya hivyo kwa bata na ndege wa pwani waliokuwa wazima, hawana dalili yoyote. Walikuta virusi vingi ambavyo havikuwahi kuandikwa popote. Na lililonishangaza mimi: ndege wa makundi tofauti wanaokunywa maji mamoja kwa sehemu kubwa walikuwa na virusi tofauti. Kugusana tu hakutoshi, mwili wa ndege nao una mlango wake. Mafua ndiyo moja ya vichache vinavyovuka kirahisi, ndiyo maana tunayaogopa.

Tahadhari moja ya kusoma majibu hayo: sehemu ya virusi inayokutwa humo siyo ya ndege kabisa. Ni ya wadudu, minyoo na mimea aliyokula. Kitwitwi wako wa Mida akishiba kaa, utasoma na virusi vya kaa.

#13 Mtaa wa Saba

Virusi vya kaa 😂 Kumbe kaa naye anaumwa.

Mkuu, umesema korona. Ina maana ile ya 2020 ilitoka kwa ndege?

#14 Mnandi wa Ziwa

Hapana. Ile ni ya kundi la beta, ukoo wa popo. Ndege wana makundi ya gama na delta (siyo ile Delta ya korona ya watu, ni jina tu limefanana). Kuku ana gama yake, ile inayomfanya akorome na kutaga mayai yenye ganda bovu, wafugaji wanaijua. Delta ziligundulika Hong Kong kwa ndege wadogo wa porini, utafiti ukatoka 2009. Halafu kundi hilohilo likaonekana kwa nguruwe, na 2021 ikachapishwa kwamba watoto watatu wa Haiti walikuwa nayo kwenye damu. Homa, ikapita. Sijui kwa nini haiongelewi, mimi ndiyo ninayoifuatilia kuliko mafua.

#15 Lutembe Kijana

Mnandi, umesahau mbu. Huku ndiko kwenye historia yenyewe.

Mwaka 1937 pale Omogo, wilaya ya West Nile, Uganda, wataalamu waliokuwa wakitafuta homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mwenye homa. Wakaipeleka Entebbe, taasisi ambayo leo tunaiita UVRI (ya utafiti wa virusi ya Uganda), wakakuta kirusi kipya, wakakipa jina la wilaya. Baadaye ikaeleweka kinazunguka kati ya ndege na mbu wa kuleksi. Mtu na farasi wanaumwa tu, hawana kirusi cha kutosha kwenye damu kumwambukiza mbu mwingine. Wengi hata hawajui waliumwa, wanane kati ya kumi hawana dalili.

Huku ndege wetu wanaishi nacho. Kikafika New York 1999, kunguru wakaanza kuanguka barabarani, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx. Watu 62 wakaugua sana, 7 wakafa. Vinasaba vyake vilifanana na kile cha Israeli cha 1998. Ndege wa Amerika walikuwa hawajawahi kukiona.

#16 Mnandi wa Ziwa

Hapo ndipo nilipotaka tufike! Na havijaishia hapo. Kirusi cha Usutu kilipatikana kwa mbu Afrika Kusini 1959, kikapewa jina la mto wa Eswatini. Mwaka 2001 kikawa kinaua ndege weusi wa bustanini Vienna. Sindbis kilipatikana Misri 1952, kijiji jirani na Cairo. Leo Ufini wanakiita ugonjwa wa Pogosta, unawavimbisha viungo kila baada ya miaka kadhaa, Wasweden wana jina lao na Warusi lao. Vinasaba vinaonyesha kilitoka Afrika ya Kati, na ndege ndio wanaodhaniwa kukipeleka.

Kwa hiyo shemeji anayenitumia "ndege wa Ulaya wanatuletea magonjwa", huko Helsinki kuna shemeji mwenzake ana haki ya kusambaza ujumbe huohuo kinyume chake.

#17 Mzee Veterinari (mstaafu)

Hilo nakupa kijana.

Niongeze lisilosemwa: ndege wanaosafiri kwa ndege. Oktoba 2004 pale uwanja wa Brussels walikamatwa tai wawili kutoka Thailand, wamefichwa kwenye mzigo wa mkononi. Walikuwa na H5N1, na walionekana wazima. Kile kirusi cha kasuku ulichokitaja hapo juu kimeenea duniani kwa biashara ya vizimba, kasuku wa porini hawavuki bahari hizo. Sisi Tanzania tulikuwa wauzaji wakubwa wa ndege hai mpaka serikali ilipozuia usafirishaji 2016. Wakati wa kazi yangu nimeona makreti ya cherero, kasuku na mnana yamepangwa pamoja, wengine wamekufa humo. Huko ndiko pa kuogopa, spishi ambazo hazikutani maisha yao yote zinapumuliana.

#18 Mama Broila wa Kibaha

Nimesoma yote, nimeelimika, ila mmeanza kuongea Ufini na mimi nina vifaranga wanaingia Alhamisi.

Wavu wa banda zima ni hela. Nikianza na kitu kimoja nianze na nini? Na nina bata wangu kumi na kitu wanashinda kwenye bwawa la jirani, jioni wanarudi wanalala karibu na banda la kuku. Na kunguru nifanyeje, maana hao weusi wa India hawaogopi hata manati.

#19 Mnandi wa Ziwa

Dada, anza na bata, hata wavu usubiri. Bata anayeshinda bwawani na kulala kwako ndiye daraja lenyewe: anakutana na bata maji mchana, hachoki wala haumwi, usiku ananyea karibu na kuku. Ama wabaki uani siku zote, ama wahamie mbali na banda na wawe na mtu na ndoo zao.

Pili, viatu. Jozi ya bandani isitoke bandani. Tatu, chakula kiingie ndani, kisilishwe uwanjani. Njiwa na kunguru wanafuata pumba zilizomwagika, hawakufuati wewe. Ukifika kwenye wavu, matundu yawe madogo kiasi cha kumzuia mnana, siyo kunguru tu.

Kideri chanjo usiruke. Ile ya I-2 ya tone la jicho ilitengenezwa ikivumilia joto la vijijini, irudiwe kila miezi mitatu au minne. Kwa broila wako fuata ratiba ya daktari wako.

Kunguru manati achana nayo. Walifika Zanzibar miaka ya 1890 na hawajaondoka. Ila waangalie: kunguru anakula mizoga, kwa hiyo H5N1 ikiingia mahali yeye huwa wa mwanzo kufa, imeonekana India na Bangladesh. Ukiona kadhaa wamekufa mahali pamoja bila sababu, usimguse hata mmoja.

#20 Mama Broila wa Kibaha

Bata nawahamisha leo. Huyo jirani wa bwawa atanuna.

Ukiwakuta hao waliokufa unampigia nani? Maana nikimpigia afisa mifugo wa kata atasema anakuja na haji.

#21 Mzee Veterinari (mstaafu)

Mpigie huyohuyo kwanza, mama, na umwandikie ujumbe ili ubaki na ushahidi wa saa. Asipofika jioni, wapigie ofisi ya mifugo ya wilaya. Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ina vituo mikoani.

Kabla ya kugusa chochote piga picha, ndege na mahali alipolala. Andika tarehe, idadi, ni ndege gani, na kama kuna bwawa au dampo jirani. Ukiambiwa ulete mzoga, vaa mifuko ya nailoni mikononi, mweke kwenye mifuko miwili, funga, weka juu ya barafu. Usimgandishe kama anafika maabara siku hiyohiyo. Na asipitie jikoni kwenye friji ya nyumbani, nimeona watu wanafanya hivyo.